Petro wa Ofelia

Cahabón, 3 Februari 2008

Baba Ofelia,

Salamu nyingi zikufikie huko kwenye mashamba ya nyanya. Sisi wazima, ila mama yako mgongo unamsumbua, na iliki tumeshachuma nusu. Wewe hujambo? Nakuuliza kwa barua kwa sababu simu ya dukani kwa Don Eusebio naingojea kila Jumapili mpaka nazeeka. Tangu Oktoba hujapiga. Wenzangu walikuwa wananionea huruma, sasa wananicheka.

Ijumaa wameonyesha tena ukutani pa kanisa ile sinema ya Injili mliyoitilia sauti kwa lugha yetu. Petro akifungua mdomo tu, mwanao anawageukia wenzake: "Huyo baba yangu." Wakimwambia baba yake hana ndevu zile, anajibu ndevu ni za mchezaji, sauti ni ya baba. Ana miaka sita na hajakuona hata siku moja, basi ndicho alicho nacho. Lakini ukifika pale uani kwa Kuhani Mkuu, unapoapa kwamba humjui mtu yule, anaziba masikio. Nimemweleza kwamba yameandikwa kwenye Biblia, wewe ulisoma tu ulichopewa.

Sasa sikia. Katekista Crisanto anasema sauti kwenye mkanda zimeanza kukwaruza. Agosti watarekodi upya, juu ya ule ule, maana hawana mwingine. Anamtaka Petro wake wa zamani. Usipokuja atamtia mdogo wako Abelino, na sauti ya Abelino unaijua, utadhani mlango usiotiwa mafuta. Rudi. Kama una mwanamke huko sema, nijue moja.

Mkeo,
Mama Ofelia


Florida, 20 Machi 2008

Mama Ofelia,

Nimefurahi kusikia mu wazima. Mimi naendelea. Mpe mama pole ya mgongo.

Hakuna mwanamke. Agosti sitaweza, Abelino asome. Ila nakuomba kitu kimoja: wasirekodi juu ya ule mkanda. Muombe Crisanto akupe, uufiche ndani. Simu usiingoje tena.

Mumeo,
Baba Ofelia


Cahabón, 2 Mei 2008

Baba Ofelia,

Hujambo? Sisi hatujambo, na salamu zenyewe natoa kwa adabu tu.

Barua yako nimeisoma mara nne nikitafuta palipobaki. Hutaki kusema na mkeo, lakini sauti yako unataka itunzwe kama mfupa wa mtakatifu! Ofelia amekaa dukani Jumapili tatu mfululizo, kavaa huipil, blauzi yake mpya ya kufuma. Ya tatu alirudi, akaivua mwenyewe, akaikunja. Aliniambia pale uani kwa Kuhani Mkuu hukuwa unasoma, ulikuwa unasema kweli.

Niambie ukweli, au usiandike tena.

Mama Ofelia


Florida, 11 Juni 2008

Mke wangu mpenzi,

Natumaini barua hii itawakuta salama. Mimi si mzima.

Novemba walinipasua koo kwa uvimbe. Uvimbe ulitoka, na sauti ikaenda nao. Nina tundu shingoni, nikitaka kusema inatoka pumzi tu. Sasa napanga nyanya kwenye makasha, kazi isiyohitaji maneno. Nilipiga simu mara mbili. Don Eusebio aliita, akaita, akadhani watoto wanamchezea, akakata. Mara ya pili nilimsikia Ofelia akicheka huko nyuma yake. Nililia, mke wangu, na hata kilio hakikutoka.

Kile kilichobaki cha kwangu duniani kimo kwenye ule mkanda. Muachie mtoto baba yule. Bubu atamfaa nini?

Mumeo


Cahabón, 30 Agosti 2008

Mume wangu,

Pole. Pole sana. Nimechelewa kukujibu, na nimechelewa kwa makusudi.

Barua yako niliisomea shambani, nikakaa chini pale pale nikalia, wenzangu wakaniacha na kapu langu. Kisha nikakukasirikia upya. Umeisahau sinema yako mwenyewe inavyoanza? Zakaria anatoka hekaluni bila sauti, na Elisabeti anampokea hivyo hivyo. Mtoto akazaliwa, jina likaandikwa kibaoni, watu wakala na kunywa.

Ofelia nimemwambia yote. Aliuliza kama mikono yako imebaki. Nikamwambia miwili.

Crisanto alinitilia mkanda mkononi, tena kwa moyo safi. Tukauangalia mara ya mwisho, mimi na mwanao tu, na safari hii hakuziba masikio. Kesho yake nikaurudisha, wakarekodi juu yake. Ningeuweka ndani, wewe ungekaa huko miaka mingine sita, ukijidanganya kwamba umeshafika nyumbani. Abelino amesoma, amesoma vibaya, lakini amemaliza.

Ofelia alilia siku mbili na mimi hakunisemesha. Niliyavumilia. Sasa baba yake yuko mahali pamoja tu, nako ni huko uliko.

Mkeo akungojaye,
Mama Ofelia