Daftari la Hesabu Ulilolizika Shambani

Kwako Wambui, binti yangu,

Nakuandikia kwenye meza ya cherehani, hapa nyumbani Rongai, Jumapili asubuhi. Majirani wameenda kanisani na ploti yote imenyamaza. Zamani nami ningekuwa huko, lakini tangu uende ng'ambo kwa mama yako, watu hunisimamisha mlangoni kuniuliza habari zako, na mimi huishiwa na majibu. Leo nimebaki. Barua ikikushinda, mwambie mama akusomee. Kuna jambo nataka ulisikie kutoka kwangu mwenyewe.

Ulikuwa na miaka sita, gredi ya kwanza. Mama yako alikuwa muuguzi mjini Nakuru, na wiki za zamu ya jioni tulibaki wawili. Mimi nimeshona sare za shule tangu asubuhi, mgongo umekufa ganzi, halafu wewe unaniletea daftari la hesabu.

"Saba ongeza tano?"

Unaangalia vidole vyako chini ya meza.

"Wacha vidole! Tumia kichwa!"

Na rula ya mbao inatua mezani, paa! Sikuwahi kukuchapa, na kwa muda mrefu nilijisifu kwa hilo. Lakini uliruka kila rula ilipotua, na ukiruka, hata ile hesabu uliyoijua ilikutoka. Mimi nilifundishwa kwa kelele. Nilidhani ndiyo njia.

Halafu ikaja ile siku ya mvua za kwanza, kila mtu yuko shambani anapanda. Mama Chebet, jirani yetu, akaniita kutoka nyuma ya nyumba: "Fundi! Kuja uone mtoto wako anapanda nini huku!"

Nikakukuta umechuchumaa kwenye matuta yake, matope mpaka kwenye viwiko. Umechimba shimo kwa kijiko na kulifukia vizuri. Nilipochimbua nikatoa daftari la hesabu, limelowa, wino umesambaa.

"Wambui, hii ni nini?"

"Nimeizika, Baba. Imekufa."

Mama Chebet alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi nilikasirika. Nilikushika mkono nikakuingiza nyumbani, nikasema maneno ambayo siyarudii hapa. Ulikaa kwenye kona ya kochi, hulii, unanitazama tu kama mtu anayengoja mvua iishe.

Mama yako alipofika nilimwonyesha lile daftari, nikitegemea aniunge mkono. Alilipangusa kwa kanga yake, ukurasa kwa ukurasa. Mwishowe akasema, "Baba Wambui, huyu mtoto hana shida na hesabu. Shida yake ni wewe."

Nilinuna siku tatu. Lakini neno likiwa la kweli halitoki mwilini hata ukinuna. Nikaacha kukuuliza hesabu kabisa. Nilikuwa naogopa, mwanangu. Sikujua jinsi nyingine.

Wewe ndiwe uliyenionyesha. Ulianza kuja kukaa chini ya cherehani, ukichezea mkebe wangu wa vifungo. Mimi nashona, wewe unavipanga kwa rangi, halafu kwa ukubwa, halafu kwa matundu. Siku moja nikaona nijaribu, polepole, kama mtu anayemwita kuku.

"Shati moja linakula vifungo saba. Nikiwa na mashati mawili?"

Ukapanga vifungo sakafuni, ulimi nje. "Kumi na sita."

Niliona rula pale pale mezani. Mkono ukaniwasha. Badala yake nikauliza, na sijui nani alinitia hilo neno mdomoni, "Umefikaje hapo?"

Ulinishangaa. Hukuwahi kuulizwa hivyo. Kisha ukavuta shati nililolimaliza, ukalipindua, ukaweka kidole kwenye kile kifungo cha akiba ninachoshonea ndani, chini kabisa. "Huyu umemsahau, Baba. Saba na huyu ni nane. Nane na nane."

Wambui, niliondoka nikaenda nje kujifanya natafuta maji. Nilisimama karibu na tangi nikawaza ni mara ngapi ulikuwa sahihi na mimi nikapiga meza.

Baada ya hapo hatukukaa tena mezani kwa hesabu. Ilitufuata tulipo. Ulikadiria viazi vilivyo kwenye sufuria, kisha tukavihesabu kuona nani amekaribia. Ulikata chapati vipande sawa vya watu wanne, sisi watatu na Mama Chebet, na ulipokosea, wewe ndiwe uliyechukua kipande kidogo. Nami nikikosea makusudi, ulifurahi siku nzima. Mahindi ya Mama Chebet yalipokomaa, ukahesabu mistari ya punje kwenye hindi moja: kumi na nne. Jingine, kumi na mbili. Jingine, kumi na sita. Ukaenda nyumba hadi nyumba ukiomba watu mahindi ili upate lenye mistari kumi na tatu. Ulirudi umechoka, mashavu yana masizi kwa sababu wengine walikupa ya kuchoma.

"Baba, mistari yote inaenda miwili miwili. Nani aliyaambia mahindi?"

 Tuliketi mlangoni tukala ushahidi wote.

Mwaka uliofuata mimi na mama yako tulishindwa kuishi pamoja. Hatukupigana, tulichoka. Akapata kazi ng'ambo, akatangulia, kisha akaomba uende. Niliweka sahihi kwenye karatasi za kukuruhusu kusafiri kwa sababu ilikuwa haki yako. Shangazi yako alipokuja kukupeleka uwanja wa ndege, ulishusha kioo cha gari ukaniuliza, "Ni siku ngapi mpaka nirudi?"

"Nyingi kidogo."

"Nyingi kidogo si namba, Baba."

Gari likaondoka.

Sasa una miaka tisa. Unanipigia Jumamosi, na Kiswahili chako kinaanza kutafuta njia kama mgeni. Wiki jana uliniambia unapenda hesabu kuliko masomo yote, nikataka kukwambia jambo, lakini mtu akakuita na simu ikakatika. Nilikaa nayo mkononi mpaka skrini ikazima. Jambo lenyewe ni hili: nilikukosea. Ulipokuwa mdogo nilikutisha, na sikuwahi kukuomba msamaha. Naomba sasa. Usinijibu haraka.

Hapa napika ugali wa mtu mmoja na bado unabaki. Kazi ipo. Watoto wa watu wanasimama mbele yangu nawapima, nawaambia wanyooke, wasicheke.

Nimenunua kitambaa cha rangi ya zambarau, ile uliyoipenda, nikushonee gauni la sikukuu ya Desemba. Kiko hapa mezani wiki ya tatu, sijakikata. Nina makasi, nina chaki, sijui umekua mpaka wapi. Tafadhali jipime mwenyewe: mabega, kifua, kiuno, na kutoka shingoni mpaka gotini. Mama asikusaidie. Uandike namba zote nne kwa mkono wako, kwenye karatasi, unitumie. Hata ukikosea, nitashona ulivyoandika.

Ni mimi, anayengoja vipimo vyako,
Baba