Supu ya Mzazi

Jumatatu, 2 Machi 1998

Vipindi viwili asubuhi, wanafunzi wote wanasinzia. Mada ni neva. Nimewapa mfano wa mtu aliyeshika sufuria la moto: habari inageukia kwenye uti wa mgongo, ubongo unaarifiwa baadaye. Wamecheka kidogo, wakarudi kusinzia. Siwalaumu. Joto la mwaka huu si la kawaida. Chumbani kwangu Mlandege, hapa mjini, hata sakafu inachoma. Chaki nyeupe zimekwisha chuoni, naandika kwa nyekundu, nusu ya darasa hawaoni.

Jumamosi nakwenda kwetu Chwaka kumwona mdogo wangu Kazija. Amejifungua mtoto wa kike, bado yumo ndani ya arobaini. Nimemnunulia mtoto nguo, na Mama nimemchukulia pilipili manga za supu. Kwetu mzazi hunyweshwa supu ya moto mpaka jasho limtoke.

Jumamosi, 7 Machi

Mtoto anaitwa Nasra. Nimemgusa kiganja, amekikamata kidole changu hakiachi. Najua ni nini, nafundisha. Ni neva tu, hana habari na mimi. Nimefurahi hivyo hivyo.

"Kishakujua huyo," Mama akasema. "Na wewe tuzalie basi, au mpaka vitabu viishe?"

Swali hilo limenichosha.

Mchana nimefuatana na Mama kwenye shamba lake la mwani. Bahari imekupwa. Maji ya vidimbwini yana joto la maji ya kuogea. Mwani umegeuka mweupe, laini. Ukiuvuta inabaki kamba tupu mkononi. Wanawake wote wamepata hasara ile ile. Wavuvi wanasema na matumbawe nje ya ghuba yamekuwa meupe. Nimemweleza Mama: ndani ya tumbawe wanaishi viumbe wadogo wenye rangi, ndio wanaolilisha. Bahari ikizidi joto, tumbawe linawatoa nje. Halafu linakaa na njaa. Likikaa sana linakufa.

"Linawafukuza wapishi wake?"

Nikasema ndiyo.

"Basi limepagawa."

Nimecheka. Lakini nimeogopa. Sikumbuki bahari hii kuwa na joto hivi, na nimezaliwa mbele yake.

Jumanne, 10 Machi

Ikolojia. Nimechora ubaoni, kwa mishale, nani anamla nani. Mwani mdogo kabisa, sponji wa baharini, kasa aina ya ng'amba, mtu. Nimewaambia: sumu ikiingia chini haipotei, hupanda. Aliye juu anakula ya wote waliotangulia.

Msichana mmoja wa Tumbatu ameuliza, matumbawe yakifa, panaota nini pale? Nikasema panaota mwani mwingine, na baadhi yake una sumu. Akauliza, basi mwaka huu tutakula sumu? Nimesema sijui. Sina ushahidi wa kuunganisha joto hili na sumu yoyote. Ni kweli, sina. Nimerudi nyumbani na moyo mzito, na mishale ile nyekundu machoni.

Ijumaa, 13 Machi

Dereva wa gari la Chwaka ameniletea salamu za Mama. Shemeji Haji, mume wa Kazija, amepata ng'amba. Hakumpiga chusa wala hakutega wavu. Amemkuta anaelea, amelegea, akamvuta kwa mkono. Kumkamata ng'amba ni marufuku, kwa hiyo salamu zimekuja kwa minong'ono. Nimewekewa fungu langu.

Nimekasirika. Mnyama wa bahari anaelea hajiwezi, na wao wanaona riziki. Najua mwani umekufa na samaki hawapatikani. Mwenye njaa hana miiko. Bado nimekasirika.

Nimemrudisha dereva na jibu: msile, huenda ana sumu, na mzazi asionje kabisa. Kesho alfajiri naondoka mwenyewe.

Jumamosi, 14 Machi

Nimechelewa. Wakati dereva ananipa salamu, chungu kilikuwa kimeshaoshwa.

Wamefanya walivyofanya wazee. Kipande alipewa paka jioni. Asubuhi paka mzima, nyama ikaingia chunguni. Na mzazi kwanza. Bakuli la mwanzo ni la Kazija, lenye ini na mafuta, ili maziwa yashuke vizuri. Mama ndiye aliyemnywesha.

"Paka huyo mlangoni, mtazame," Mama ameniambia. "Na mie nshakula, mbona mzima?"

Kazija amesema koo linamwasha tangu asubuhi. Mama akasema ni pilipili manga zangu.

Si pilipili manga. Sumu ya ng'amba haina haraka, na usiku mmoja wa paka si kipimo. Tena inapita kwenye maziwa. Nimewaomba Nasra asinyonyeshwe. Nimekwenda dukani, nimerudi na maziwa ya kopo. Mama ameliweka kopo juu ya kabati.

"Mtoto wa arobaini hapewi kopo na mama yake yu hai. Unataka watu waseme Kazija kakauka?"

Tumegombana mpaka jirani akaja kusikiliza. Kazija amemchukua mtoto, ameingia chumbani, amefunga mlango. Nimesikia ananyonyesha. Nimewachukia wote, pamoja na paka.

Jumapili, 15 Machi

Paka amekufa.

Mama amemtazama pale kizingitini, kisha amepanda kiti kuliteremsha kopo.

Ulimi wa Kazija umejaa vidonda vyeupe, hawezi kumeza mate. Mama midomo inamwasha. Haji anatapika. Nasra halii. Hilo ndilo linalonitisha. Kopo halitaki, ziwa halitaki. Nimemkuna nyayo, mguu haukuvutika. Nimemgusa kiganja, kimebaki wazi.

Tumekodi gari mpaka hospitali ya mjini. Njiani Haji ananisihi: tuseme tumekula samaki, changu, naye alikuwa mbovu. Anaogopa polisi. Nimemwambia anyamaze.

Jumatatu, 16 Machi

Daktari ameuliza walikula nini. Mama ametazama ukuta. Haji amesema changu. Mimi nimesema ng'amba. Haji hajanitazama tangu hapo, wala sijali.

Daktari ni kijana, mkweli. Hana dawa ya sumu hii, na hamjui aliye nayo. Watatia maji mshipani, watasaidia pumzi, watangoja. Nimemuuliza inashika wapi: kwenye neva yenyewe, au pale neva inapompasia mwenzake habari? Akasema haijulikani vizuri. Nimekasirika naye pia. Nilitaka tu mtu anioneshe mahali.

Nasra analala. Kifua kinapanda, kinangoja, kinapanda. Nimekaa nakitazama tangu mchana. Naogopa kupepesa macho.

Jumanne, 17 Machi

Nasra amefariki asubuhi. Amezikwa baada ya adhuhuri. Kazija yumo wadi nyingine. Ameambiwa baadaye.



Alhamisi, 19 Machi

Mama amesema mara moja tu, nje ya wadi, huku anakunja mkeka: "Nilimnywesha kwa mkono wangu."

Tangu Jumamosi nilikuwa na maneno tayari. Kuhusu paka, kuhusu kopo, kuhusu vitabu vyangu vinavyochekwa. Makali yote, nimeyapanga. Nimemtazama midomo yake iliyobabuka. Nimemwambia ni kadari ya Mungu, Mama. Nikamshikia upande wa pili wa mkeka.

Haji ameanza kunisalimia. Namjibu.

Jumamosi, 28 Machi

Mvua imeanza, na joto limepungua kidogo. Kazija ametoka hospitali, yuko kwangu Mlandege mpaka apate nguvu. Ulimi umepoa. Anakula uji na ndizi.

Leo alasiri tulikaa sakafuni tunachambua mchele. Chini ya dirisha langu, mbele ya maduka, mtoto mchanga wa watu akaanza kulia. Kilio cha njaa. Kazija akasimamisha mikono. Kanga yake ikalowa kifuani, kulia na kushoto, madoa mawili yanapanuka.

Naijua njia ya maziwa hayo. Sikio, ubongo, homoni, ziwa. Jumatatu ndiyo mada yenyewe. Katika njia hiyo yote hakuna mahali mwili unapoulizwa kama mtoto yupo.

Tulikaa hivyo hivyo mpaka mtoto wa watu akanyamaza. Kisha Kazija akaendelea na mchele.