Vyuma Chini ya Kitenge

Mama,

Matanga yameisha, wageni wamerudi kwao, na mimi bado nimeduwaa. Si kwa kifo chako tu, ingawa kuanguka asubuhi katikati ya maharage yako, bila kuugua, ni jambo ambalo akili yangu inalikataa. Nimeduwaa kwa kile tulichokikuta chini ya kitenge chako.

Ulijua ni nani wangekuosha. Mimi, binti yako, na Mama Furaha, rafiki yako tangu mlipokimbia pamoja kutoka Kivu. Nilimkalisha kwenye kigoda kwa sababu ya magoti yake. Nikafungua kitenge. Mkanda kiunoni, vyuma kandokando ya mapaja, mota magotini. Mama! Nilipiga ukelele mpaka wanaume waliokuwa nje wakauliza kuna nini.

Vyuma vile nilivijua. Si mimi niliyekupeleka Mbarara, kwenye kliniki ile ambako wageni walikuwa wakiwajaribisha wazee miguu ya mashine? Si wewe uliyegeukia ukuta ukasema, "Miye si pikipiki, banitie moteri! Batu ya Juru batanicheka mpaka bachoke"? Nikakuacha huko upate tiba ya kawaida. Uliporudi kijijini kwetu Juru, ulishuka kwenye boda boda, ukatembea mwenyewe mpaka mlangoni, kitenge kikiburuta vumbi. Nililia kwa furaha. Jumapili ukaingia kanisani bila fimbo. Kina mama wakapiga vigelegele, ngoma zikalia, mchungaji akatangaza muujiza. Wewe ukasema tu, "Mungu ni mwema." Nami nikaitikia amina kwa nguvu, mjinga mimi.

Sasa ndipo naelewa kwa nini hukutaka tena nikusugue mgongo. Naelewa na kile kikapu ulichokuwa ukikibeba kwenda kwa jirani anayechaji simu kwa sola. Nilimwuliza. Akasema alidhani sote tunajua kuhusu betri zako.

Nimekukasirikia, nakuambia wazi. Mama Furaha alifunga kula akiomba apate kama ulivyopata wewe. Alifunga mpaka midomo ikakauka. Ulimpelekea uji, ukambembeleza anywe, lakini ukweli hukumpa. Aliniambia mwenyewe uani kwake kwamba labda ana dhambi asiyoikumbuka, ndiyo maana Mungu amemruka. Aibu gani hiyo, Mama, iliyokufanya umtazame rafiki yako akikonda hivyo na bado unyamaze?

Kwa hiyo siku ile, sabuni ikinikaukia mikononi, sikuuogopa mwili wako. Nilimwogopa yeye. Tulikuvua vile vyuma, nikaviweka mkekani. Akavipapasa. Akabonyeza kitufe, na goti la chuma likajikunja lenyewe mbele ya macho yetu. Nilingoja alie, au akulaani.

"Kumbe Mungu hakuniruka," akasema.

Kisha akacheka. Alicheka huku machozi yakimtoka, akakupiga kofi dogo begani, kama alivyozoea kila ulipomtania. "Muongo huyu," akasema, "muongo huyu." Ndipo tukakuosha.

Itanibidi nivirudishe Mbarara. Nakwenda Jumatatu, na Mama Furaha anakwenda nami, ameshapiga pasi nguo zake. Hatujui kama watakubali kumvisha. Hata hivyo ameniletea kitenge chake kipya nikipunguze, kiishie magotini. Nilisita. Mzee wa kanisa kama yeye, magoti nje! Akaniambia, "Kata. Nataka baone."

Nimekikata, Mama. Nakuahidi kwamba wakimvisha, Jumapili nitaingia naye kanisani bega kwa bega, na mchungaji akiuliza, nitaeleza la kwake na la kwako pia. Watacheka, wacheke. Wapo wazee wengine wanaokaa milangoni mwao hapa Juru, wakidhani Mungu amewaruka.

Usidhani bado nakununia, wala wewe usininunie. Pumzika. Kile kitenge chako kirefu hatukukikata. Tumekuzika nacho, kimekufunika mpaka vidoleni.

Ni mimi, binti yako.