Bei ya Sakitu

Makambako, mwezi wa sita

Kaka Yonasi,

Kamwene. Najua hutaitika, lakini wewe ndiye uliyekuwa ukinifinya sikio nikianza maneno kabla ya salamu, kwa hiyo nakusalimu.

Nimeolewa, kaka! Tulifunga ndoa Njombe baada ya Pasaka, mvua ikipiga bati la kanisa kwa nguvu hata mchungaji akawa anatuuliza viapo kwa kelele kama dalali wa mnadani. Mume wangu anaitwa Elia. Ungempenda. Ana sauti nzito ya kwaya, na akicheka hufunika mdomo kwa sababu ya pengo la jino, nami huuondoa mkono wake ili nilione. Kila asubuhi hunichemshia maji kabla sijaamka. Mama mkwe hutucheka: "Elia, umeoa au umeajiriwa?" Naye hujibu, "Vyote viwili, mama, na mshahara ni mzuri." Nakuandikia haya huku nikitabasamu peke yangu kama mwehu. Sikujua mtu anaweza kusikia hatua za mwenzake uani na moyo ukasimama kumngoja.

Lakini miguu yako, kaka.

Unakumbuka tulivyolala mkeka mmoja tukiwa wadogo, na wewe ukinigandishia nyayo zako mgongoni hadi nipige ukelele? Zimerudi. Tangu baridi ianze, kila alfajiri nazisikia palepale, chini ya mabega. Juzi Elia aliniuliza, "Mke wangu, mbona una baridi hivi ndani ya blanketi mbili?" Nikamjibu bila kufikiri, "Si baridi yangu." Hakucheka siku hiyo.

Sijawahi kukuandikia juu ya blanketi. Miaka mitano nimelikwepa neno hilo. Barua ya shule ya sekondari ilipokuja, orodha ilikuwa na vitu vingi, na cha mwisho kilikuwa blanketi moja. Nyumbani tulikuwa nalo moja, lile la kijivu lenye mistari myekundu, nalo lilikuwa lako, ulilinunua kwa fedha za kubandua magome ya miti ya miwati. Ulilikunja ukaliweka juu ya sanduku langu. "Chukua, Bibi Mwalimu. Mimi nitanunua lingine kabla ya sakitu kugandisha majani." Nami nililichukua. Sikukataa hata mara moja, maana nilikuwa na furaha ya shule, na furaha hainaga macho.

Mwezi wa sita wa mwaka ule barua ya mama ilinifikia bwenini nikiwa nimejifunika blanketi lako. Ulikuwa umezikwa wiki tatu kabla. Kichomi.

Kilichobaki nilikijua mkesha wa arusi. Mama aliniketisha akaniambia kwamba ulipoanza kukohoa alitembea hadi Makambako na fedha za kuku wote. Zilikuwa zinatosha, maana bei aliiulizia wakati wa masika. Alipofika, bei ilikuwa imepanda wiki hiyohiyo. Blanketi zilizokuwa juu ya rafu zilikuwa zilezile. Alilishika moja, akalinusa, akalirudisha. Akanunua chumvi ili asirudi mikono mitupu. Halafu akanitajia duka lenyewe.

Ni duka la baba mkwe wangu, kaka.

Nilimwambia mama kwamba siolewi tena. Akanishika kidevu. "Nenda, mwanangu. Mtu haolewi na duka." Lakini katika mahari lilikuwamo blanketi la mama mzazi, na hajajifunika hata siku moja. Amelikunja akaliweka pale ulipokuwa ukilala.

Sasa nikueleze ya wiki hii. Nyuma ya nyumba yetu kuna stoo. Ina marobota ya blanketi yaliyonunuliwa wakati wa joto, yakaletwa na malori, yakafungiwa yangoje. Yangoje nini? Yangoje sakitu. Siku majani ya viazi yakiamka meupe kule Njombe, hapa hubadilishwa vibao vya bei. Jumatatu baba mkwe alimwambia Elia, mimi nikiwa nyuma ya mlango, "Mwambie mwenzako aandike vibao vipya. Mwandiko wa sekondari huo tumeutolea ng'ombe."

Unajua mila zetu. Mimi mkwe mpya sisemi naye, wala simtazami usoni, mpaka anipe zawadi ya kunifungua kinywa. Basi nilipokea vipande vya boksi la sabuni, wino na kipande cha kijiti, nikaketi. Herufi ya kwanza ilikataa kutoka.

Nikamwita Elia nikamweleza yote, wewe, mama, kuku, chumvi. Alikaa juu ya gunia, pengo lake limefunikwa, ila hakuwa anacheka. Nikamuuliza kama anamkumbuka mama aliyelinusa blanketi akaliacha. Akasema polepole, "Dama, kila mwezi wa sita wapo wengi. Wote hulinusa."

Kaka, sentensi hiyo inanitembelea kuliko wewe.

Usidhani namchukia mzee. Alianza kwa kusukuma baiskeli yenye chumvi mpaka Wanging'ombe, na jioni humega mkate wake akampelekea kipofu wa jirani. Duka lazima lipate faida, watu wapate kula, mzigo mwingine ununuliwe. Shuleni tulifundishwa hivyo na naona ni kweli. Lakini ipo faida ya jasho na ipo faida ya kungoja mwenzio atetemeke. Hii ya pili haikubeba mzigo wowote. Kwetu mtu akiugua msimu wa kulima, majirani huingia shambani mwake na majembe, na hakuna anayesema tungoje mpaka azidiwe ndipo tumuuzie nguvu zetu. Kwa nini tukivuka mlango wa duka tunakuwa watu wengine? Ulikuwa ukisema, "Sakitu haiulizi una nini mfukoni." Basi na bei isiifuate sakitu. Mimi ni msichana wa juzi, najua, lakini naona nchi ambayo biashara yake hustawi mtu akigandishwa ni nchi inayojila yenyewe.

Nikaandika. Kwa herufi kubwa nzuri, zile ulizonisifia: BLANKETI. BEI ILE ILE YA MASIKA. Elia alisoma, akaondoka. Nikadhani amekwenda kunishtaki. Akarudi na nyundo na misumari.

Leo asubuhi mzee alisimama mbele ya kibao, akavaa miwani, akaivua, akaivaa tena. "Nani kaandika hiki?" Elia akasema, "Nimepigilia mimi, baba." Mama mkwe akadakia kutoka jikoni, "Si wewe uliyeusifia mwandiko?" Hakuna aliyecheka. Akina mama wawili wanaochuma maua ya pareto walikuwa wamefika. Walilinusa blanketi, kaka. Halafu wakalipia, kila mmoja akaondoka na lake begani. Mzee aliwatazama hadi walipopinda kona. Kibao hakukitoa.

Nakuandikia nikiwa juu ya marobota. Sasa hivi mama mkwe ameingia ana jogoo mwekundu amefungwa miguu. Kaniwekea mapajani. "Baba yako anakufungua kinywa. Amesema kesho baada ya chai uende ukamweleze mwenyewe, kwa mdomo, si kwa boksi la sabuni." Nimemuuliza kama amekasirika. "Hata mimi sijui, mwanangu. Miaka thelathini na sijui."

Labda kesho kibao kitashuka. Labda mimi na Elia tutafungasha na kurudi Njombe, kwenda kulima viazi. Elia anasema ana mikono. Naogopa sana. Jogoo ananitazama.

Lala, Yonasi. Ukija alfajiri, weka miguu yako mgongoni kwangu, sitapiga ukelele. Nakuahidi hili moja: neno la kwanza litakalotoka kinywani mwangu mbele ya mzee litakuwa jina lako. La pili litakuwa blanketi.

Dada yako aliyeondoka nalo,

Damari