Kiti cha Mbele cha Mama

Viwanja Sitini,
S.L.P. 112,
Ifakara.
21 Julai 1996

Mpendwa Mjomba Raimundi,

Shikamoo Mjomba. Nakuandikia nikiwa barazani, mpunga umeanikwa uani, na fimbo iko pajani kwa ajili ya kuku. Sisi huku ni wazima kabisa. Je, goti lako limepata nafuu? Na Mama Theodori bado anakukataza chumvi, nawe bado unaila kwa kujificha? Mwambie nimeuliza mimi, Brigitha, ili agombane na mimi na siyo na wewe.

Shamba la Mama kule Mofu limetoa vizuri mwaka huu. Ndege walikula fungu lao, nasi tumepata letu, na nyumba nzima inanukia mpunga mpya.

Sasa Mjomba, nije kwenye jambo lenyewe. Najua umeshamwandalia Mama chumba. Alikutumia salamu kwa mdomo wa Sikitu alipokuja huko, kwamba anataka kuhamia kwako Tabora moja kwa moja, na sababu hakukwambia. Hata sisi wanawe hakutuambia, lakini tuliijua. Mama alikuwa anayakimbia maneno ya watu, na maneno yenyewe yalitokana na gari.

Unaikumbuka ile pikapu kuukuu aliyoinunua kaka Polycarp kwa mpunga wa Mama. Siku ilipofika nyumbani alitangaza mbele ya majirani kwamba kiti cha mbele ni cha Mama peke yake. Hata Mama asipokuwepo, abiria wote hupanda nyuma na magunia, na kitini Polycarp anaweka kofia yake na mkate. Mwenyekiti wa mtaa aliwahi kukiomba kile kiti akanyimwa, akanuna mpaka Pasaka.

Basi gari likaanza kuzimika. Linakwenda vizuri, ghafla kimya. Mkishuka, mkahangaika kidogo, linawaka kama halikuwa na neno. Mafundi walibadilisha plagi, wakabadilisha koili, wakabadilisha pampu ya petroli, na kila likifika gereji linanguruma bila kosa. Haikupita muda watu wakaanza kunong'ona kwamba linazimika Mama akiwemo tu.

Lililovunja kila kitu lilikuwa la Kivukoni, tulipokuwa tunakwenda msibani Lupiro. Gari liliposhuka kwenye pantoni tulipanda tena, Mama akakaa mahali pake, na lilipoanza kupanda ukingo likazima. Magari ya nyuma hayana pa kupita, watu wanapiga kelele, Polycarp anazungusha ufunguo, wapi! Mama akashuka kupunguza uzito. Alipokanyaga chini tu, likawaka. Jirani yetu Balbina, ambaye lifti tulimpa sisi wenyewe, akasema kwa sauti, "Haya, wenye macho mmeona."

Tangu siku ile Mama akawa anapanda malori ya watu kwenda Mofu. Majirani waliacha kuja kuomba moto jikoni kwake. Neno walilomwita siliandiki hapa, Mjomba, unalijua. Nililia sana, na kwa Balbina nikakata mguu.

Polycarp alikuwa tayari kuliuza gari kwa bei ya bure, ndipo akaelekezwa kwa fundi mmoja wa umeme wa magari, anaitwa Ngusa, Msukuma aliyesomea kazi hiyo Mwanza kisha akawafuata wajomba zake waliohamia huku na ng'ombe. Ni kijana mwenye majivuno, anajisifu kuliko jogoo. Lakini alipokuja nyumbani kulitazama gari, aliuliza swali ambalo hakuna fundi aliyewahi kuuliza. "Likizima, nani anakuwa amekaa wapi?"

Polycarp alitazama chini kwa aibu, kisha akasema ukweli. Nilidhani fundi ataingiwa na woga. Yeye akafuta mikono tu. "Basi mleteni huyo Mama. Mimi simpimi mgonjwa akiwa mzima."

Mama alikataa kata kata. "Mnataka nikaumbuliwe mbele ya watu?" Nilimbembeleza asubuhi nzima. Mwishowe akavaa kitenge chake cha kanisani, akaja uani kama mtu aliyeitwa mahakamani. Majirani nao hawakukosa, na Balbina alikuwa mbele kabisa.

"Shikamoo, Mayu," Ngusa alimwamkia, akimwita mama kwa Kisukuma chao. "Kaa kama unavyokaa siku zote."

Injini ilikuwa inaunguruma. Mama akakaa, akajiegemeza, gari likazima. Mjomba, nilisikia hata kuku wakidonoa mpunga. Mama aliinama akajifunika uso kwa khanga, na mimi nikatamani ardhi inimeze pamoja naye.

Ngusa akamshusha taratibu kwa mkono, akawasha gari. Kisha akabeba nusu gunia la mpunga wetu, akalitua pale pale kitini, akalikandamiza kwa mikono yote miwili. Gari likazima! Akatugeukia, na lile neno nililokataa kuliandika akalitamka yeye. "Haya semeni, na mpunga nao ni mchawi?"

Mama alifunua uso. Akanyoosha kidole, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Balbina, mwanangu, njoo nawe ukae. Kiti hiki ni kizuri." Balbina alijivuta, lakini macho yote yalikuwa kwake, na unajua yeye na Mama wanalingana unene. Akakaa. Likazima. Mama alicheka mpaka akashika mbavu, nasi tukacheka na machozi juu.

Baada ya hapo Ngusa aling'oa kiti. Chini yake kuna kisanduku cha bati, mwenyewe anasema ndicho ubongo wa gari, kinachoamuru petroli na moto. Springi za kiti zimechoka, kwa hiyo mtu mzito akikaa, kiti kinakilalia kisanduku. Alikifungua akanipa lenzi nitazame. Mjomba, sijawahi kuona kitu kama kile. Vijia vyembamba vya shaba vinaachana na kukutana kama mikono ya mto Kilombero wakati wa masika, na kwenye mguu mmoja wa kidude kidogo kuliko punje ya mchele, lehemu imezungukwa na ufa. Bila lenzi huuoni. Aliugusa kwa njiti ya kiberiti, injini ikanyamaza. Akaachia, akawasha, ikaunguruma.

Nilikaa chini pale pale vumbini. Ufa ambao hata uzi haupiti ndio uliotaka kumtoa mama yetu nyumbani kwake! Na kilichouficha muda wote ni heshima. Laiti Polycarp angempakia yule mwenyekiti wa mtaa mbele mara moja tu, na kitambi chake kile, tungeujua zamani.

Ngusa alitia lehemu mpya, akakihamishia kisanduku mahali ambapo hakuna anayekalia. Kesho yake Polycarp alimpeleka Mama Mofu na kumrudisha, kwenye makorongo yote yale, na gari halikukohoa hata kidogo. Mama alikaa mbele, dirisha wazi, akisalimia kila mtu njiani, hata asiowajua.

Juzi jioni Balbina alikuja jikoni na kigae mkononi, akasimama mlangoni. Mama alimchagulia makaa mawili makubwa.

Nisalimie sana Mama Theodori, Theodori mwenyewe na mdogo wetu Eliza. Polycarp anasema shikamoo, anasema pia anaona haya kuandika mwenyewe. Mungu awafunike kwa mkono wake, na goti lako lipone upesi.

Chumba kile mrudishie Eliza. Mpunga ukishaingia ghalani Mama anakuja kukusalimu tu, na ameniamuru neno linalofuata niliandike kwa herufi kubwa ili usijidanganye: ATARUDI.

Ni mimi mpwa wako, ninayekupenda siku zote,

Brigitha