Milango Minane ya Ukumbi wa Arua

Kaka yangu Ramadhani,

Nakuandikia nikiwa Kuluba, karibu na mpaka, kwenye kibaraza cha watu waliotuhifadhi mimi, mkeo Hadija na watoto wako wawili. Serikali imeanguka, Arua wanasema imebaki tupu, na kesho tunavuka kwenda Sudan. Barua hii haina pa kupelekwa. Naiandika kwa sababu leo nimemwambia Hadija lile nililokuficha wewe.

Unakumbuka siku ramani ya ukumbi wa utamaduni ilipoletwa kutoka Kampala? Jukwaa upande mmoja, viti safu safu kama kanisani, mlango mmoja tu mbele. Ulicheka mpaka ukakaa chini. "Hawa watu iliona ngoma wapi?" ukaniuliza. Sisi Wanubi ngoma yetu ya doluka ni ya duara, na Walugbara nao vivyo hivyo. Anayetazama sasa hivi, baada ya kidogo yumo katikati anacheza. Ulibishana na mhandisi wiki nzima, wewe mwashi usiyemaliza shule, na ukamshinda. Ukajenga sakafu ya mviringo, ukaacha nafasi nane pana ukutani, bila milango, watu na upepo wapite watakavyo.

Na walipita kweli. Akina mama wa Inde walijikinga mvua mle na vikapu vyao vya mihogo, wazee wa Dadamu wakaja na adungu zao, wakapiga nyuzi mpaka jioni bila kumwomba mtu ruhusa. Harusi yako ilichezwa mle. Ngoma iliingia kwa upande wa soko, ikatokea kwa upande wa msikiti. Nilijigamba mji mzima kwamba mimi ni mdogo wako, mpaka watu wakanichoka.

Halafu ukaenda Koboko kumjengea nyumba mfanyabiashara mmoja, na huku nyuma kapteni wa kambi ya jeshi akaja karakanani kwangu. Alitaka milango minane ya mvule. "Komeo weka nje," alisema. Mimi ni seremala, kaka. Najua komeo la nje ni la zizi na la stoo, na ule ukumbi haukuwa na kitu cha kuibiwa. Niliuliza vipimo tu. Hakunishikia bunduki, hata sauti hakupandisha. Hilo ndilo linaloniuma zaidi: niliogopa mwenyewe, kabla sijatishwa.

Uliporudi ukakuta nafasi zako zote zimezibwa. "Nani ilifanya hii kazi?" ukaniuliza.

"Sijui," nikasema. "Pengine fundi ya kambi."

Ningesema kweli ungenitukana, labda ungenizaba kofi, na yangeishia pale pale nyumbani. Badala yake ulivaa kanzu safi, ukaenda kumuuliza kapteni mwenyewe. Wakakufungia mle mle ulimojenga. Siku ya tatu lori lilikuja, wakakupakia pamoja na wengine, na hatukupewa hata mwili wa kuzika.

Miaka minne Hadija hakuniuliza lolote. Nilidhani hajui, nikaona afadhali. Lakini kesho nitambeba binti yako mdogo mgongoni mpaka mpakani, mama yake akitembea kando yangu, na nimeona siwezi kwenda njia yote ile nimenyamaza. Mchana huu, alipokuwa anafunga mizigo, nikamwambia: milango ile ni mimi.

Hakuacha kukaza kamba.

"Mimi najua," akasema. "Siku ya pili nilipeleka chakula, askari moja iliacha tuongee, mlango iko katikati. Ramadhani alisema amepapasa misumari ya mlango kwa giza, yote imepindwa kushoto, na seremala ya mkono kushoto Arua nzima iko moja tu."

Nikamuuliza ulisema nini tena. Sikutaka kujua, lakini niliuliza.

"Alisema, Juma usimuulize kitu. Yeye iko mwoga tangu mtoto. Mupe chakula."

Akaingia ndani kutafuta kamba nyingine. Miaka minne nimekula chakula hicho, kaka, na kila jioni nilikisifia.

Popote walipokulaza, Mungu akupe nafasi.

Mdogo wako,
Juma