Mtumbwi Nilioubeba Kichwani

Bweranyange, Karagwe
12 Rajabu 1330

Mpendwa dada yangu Adija,

Shikamoo. Natumai karatasi hii itakukuta mzima pamoja na wanao, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa kusi kimetulia. Mimi ni mzima, ila magoti. Hati yangu utaivumilia. Chuo cha Kurani nilikiacha mapema, nawe wajua.

Maneno yako yalinifika kwa mkono wa Seif mwenye duka. Umesema macho ya mama yamepofuka sasa, na kwamba kila siku anauliza nitarudi lini, anipapase uso kabla hajaondoka duniani. Nilisoma, nikakaa chini. Kwenda Pangani kwa miguu, na magoti haya, sifiki. Njia iliyobaki ni meli ya Bukoba, kuvuka ziwa Nyanza mpaka Kisumu, kisha gari la moshi hadi Mombasa, na kutoka hapo jahazi. Nanyi mnanijua mimi na maji. Tangu baba alipozama na chombo chake pale mlangoni mwa mto, sijatia mguu katika chombo chochote. Ndiyo sababu nilichagua kubeba mizigo bara. Basi sikukujibu.

Sasa sikiliza. Nimeajiriwa na Mzungu mmoja mpima nchi. Tangu Bukoba mzigo wangu ulikuwa mifuko miwili, ndani fito nyembamba na kitambaa kizito kilichopakwa mpira. Wapagazi wote tulisema ni hema. Jumapili iliyopita Mzungu aliifungua kando ya ziwa lililo hapa chini, akaunga fito, akazivika kitambaa, na mbele ya macho yetu ukatoka mtumbwi, mwembamba, wa watu wawili. Kafi lake lina bapa huku na huku.

Tulimuuliza mnyapara bwana anakwenda kuvua nini. Akasema havui wala habebi kitu; anatembea tu majini moyo ufurahi, kisha anarudi palepale. Watu walicheka sana. Mzungu akataka mtu wa kukaa mbele, na mnyapara akanionyesha mimi, kwa kuwa ni mtu wa pwani.

Nilisema naumwa. Yupo mwenzangu mmoja, Bitegeko, Mnyambo wa nchi hii hii, wa Nyakatuntu. Tunakula chungu kimoja, na ni yeye tu niliyemweleza habari za baba na maneno yako.

"Umeubeba tangu Bukoba, ndugu yangu," akasema. "Leo nawe ubebwe kidogo."

Akafungua pindo la nguo yake, akatoa buni za kahawa za kutafuna, akatupa mbili majini. Kwao mzimu mwenye ziwa husalimiwa kwanza, hata na anayepita tu. Zilizobaki akanitia mkononi. Mimi nikasoma Bismillahi, nikaingia.

Dada, sijui nikueleze vipi. Kupitia kitambaa kile niliyasikia maji mapajani, yakipumua kama mtoto chini ya shuka. Nilifumba macho, nikamwona baba. Mzungu nyuma yangu alipiga kafi kulia, kushoto, polepole. Nikafumbua. Vilima vilikuwa juu na vilima vilikuwa chini, nasi katikati tunateleza. Yungiyungi zilipita usawa wa kiwiko changu. Miaka yote nimepita nchi hii shingo imebanwa na mzigo, naona visigino vya aliye mbele. Sikujua kama ni kubwa hivi.

Kisha kiboko akaibuka, karibu hata nikaona maji yakimtoka masikioni. Mzungu akainua kafi. Yule mnyama akatutazama, akatoa pumzi moja iliyotulowesha, akazama. Mtumbwi ukapanda, ukashuka, ukatulia. Nikangoja woga urudi, haukurudi. Nilikuwa nimekaa pale baba alipokaa siku zake zote, na kwa mara ya kwanza nikajua kwa nini kila kulipokucha alitoka tena.

Tuliporudi wenzangu walinicheka, wakiuliza nimevua samaki wangapi. Bitegeko hakucheka. Alinishika mkono nishuke, akatazama upande wa pili wa ziwa.

"Basi na Nyanza nayo ina ng'ambo," akasema.

Nakuja, dada. Kazi inakwisha mvua zikianza, nami nitashuka Bukoba bila kungoja jingine. Seif amesema atanionyesha mahali pa kupandia meli.

Nisalimie shemeji Abdulatifu na shangazi Asia, na watoto wote, hata wale wasionijua. Mola awahifadhi mpaka siku nitakapobisha hodi.

Na mama mwambie anipapase uso apendavyo, ila mkono ukifika utosini asishtuke. Hapo nywele hazioti tena, na ngozi imekuwa ngumu kama kisigino. Asiseme ameletewa mtu mwingine. Ni mimi.

Ndugu yako akupendaye, aliye njiani,
Shaaban